“Funga Unavyojua, Nakuamini”: Kioo cha Shangazi na Mnunuzi wa Ng'ambo

BARUA

Mshauri wetu,

Pokea salamu zangu za heshima. Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda mrefu, nikidhani kwamba magumu ni ya watu wengine na ya kwangu nitayamaliza mwenyewe. Hili limenishinda.

Shangazi yetu, aliyetulea mimi na dada zangu wawili, alikuwa fundi cherehani na alishonea nyumbani. Alipofariki alituachia nyumba na vyombo vichache, na katika vyombo hivyo kimoja tu ndicho chenye thamani ya kuuzwa: kioo kikubwa cha kujitazamia, ambacho wateja wake walisimama mbele yake walipojaribu nguo. Pamoja na fremu kina urefu wa sentimita 190 na upana wa sentimita 110, na tulipokiweka kwenye mizani ya kuazima kilifika kilo 41. Fremu ni ya mbao ngumu iliyochongwa maua na majani, na jani moja la juu kulia limekatika ncha tangu nilipokuwa mtoto (aliyelikata ni mimi). Kioo chenyewe ni kizima, isipokuwa kona ya chini kushoto ina madoa meusi, na rangi ya kahawia iliyopakwa nyuma yake imeanza kubanduka. Ukijitazama humo unaonekana mwembamba kidogo kuliko ulivyo, jambo ambalo shangazi alikuwa akisema ndilo lililomletea wateja.

Hakuna kati yetu mwenye ukuta wa kukitosha. Tulikipiga picha, tukakitangaza mtandaoni, na baada ya wiki tatu akajitokeza mnunuzi anayeishi ng'ambo ya bahari. Ni mstaarabu katika maneno yake, hakuomba kupunguziwa bei, na alituma nusu ya fedha siku hiyohiyo, akiahidi kutuma nusu iliyobaki pamoja na gharama za usafiri pindi kioo kitakapomfikia. Nilipomwuliza angependa kifungwe namna gani, alinijibu kwa maneno matatu ambayo sasa nimeyashika kama shairi: “Funga unavyojua, nakuamini.”

Tangu siku hiyo sipati usingizi. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kitu kikubwa kabisa nilichowahi kukifunga ni zawadi ya harusi. Kila mtu nyumbani ana lake. Dada yangu mkubwa anasema kioo kikishatoka getini si chetu tena, litakalokipata ni la mnunuzi na la wenye meli. Dada yangu mdogo anataka turudishe fedha na kuachana na jambo hili, lakini nusu ile tumekwisha kuezekea upande mmoja wa paa la nyumba ya shangazi, wala hakuna mahali pa kuipata kwa haraka. Binamu yetu mwenye lori amejitolea kukifikisha bandarini bila malipo, akikilaza juu ya magodoro mawili, kwa kuwa amewahi kubeba televisheni na meza za vioo kwa namna hiyo na hakikupasuka hata kimoja. Nilijaribu pia kuulizia ndege. Msafirishaji alikadiria kasha la sentimita 215 kwa 135 kwa 25, kisha akanitoza nauli ya kilo 145, ilhali kwa hesabu zangu kasha na kioo chake havifiki kilo 90. Niliondoka nikiamini kwamba ameniona mjinga.

Kilichonisukuma kukuandikia ni ujumbe wa wiki iliyopita. Mnunuzi ameniomba mambo mawili kwa upole uleule: kwamba katika karatasi za forodha niandike thluthi moja tu ya bei aliyokubali, ili ushuru upungue, na kwamba nisihangaike na bima kwa kuwa, kwa maneno yake, ni kulipia karatasi. Mke wangu anasema hiyo ndiyo dalili ya mtu asiyefaa. Mimi nimesikia kwamba karibu kila mtu hufanya hivyo, na sioni kwa nini mtu aliyetuma fedha zake bila kunijua awe na hila.

Swali langu ni hili. Kikivunjika njiani, hasara ni ya nani? Naona haya kumwuliza mwenyewe, maana atadhani nimekwisha kukiona kimevunjika, au kwamba namshuku baada ya yeye kuniamini. Je, nikifunge nikitume, mengine nimwachie Mungu, au nianze kutafuta fedha za kurudisha ambazo sina?

Kuna jambo dogo nalo. Ubavuni mwa fremu, upande wa kulia, shangazi aliacha alama za penseli, vistari vifupi vyenye herufi za majina. Nadhani ni kimo cha pindo za nguo za wateja wake wa kudumu. Nizifute kabla ya kukituma?

Wako,
Mwenye Kioo

JIBU

Ndugu yangu Mwenye Kioo,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na penseli mkononi kama shangazi yako. Umeuza kitu kikubwa, kizito na chepesi kuvunjika kwa mtu usiyemjua, aliye mbali. Nusu ya bei umekwisha kuipokea, nayo imekuwa paa. Unatakiwa ukifunge, ukisafirishe na kukiandikia karatasi, na katika shughuli hiyo yote hakuna aliyetamka litakalokuwa iwapo kitafika vipande vipande. Familia yako imejaza kimya hicho kwa maoni, kila mmoja na lake, na anayekosa usingizi ni wewe.

Najua wapo ambao wangekujibu kwamba huogopi kioo kuvunjika, bali unaogopa kuachana na shangazi. Mimi sikuoni hivyo. Asiyetaka kuuza hachukui vipimo vya kitu, hakipandishi kwenye mizani ya kuazima, wala haulizii nauli ya ndege. Hofu yako naichukulia kama ilivyo, hofu ya kioo, na ina sababu za kutosha.

Nianze na yale maneno matatu. Wewe umeyapokea kama heshima, na huenda aliyeyaandika alikusudia heshima kweli. Lakini hebu tuyatazame kwa jicho la msafirishaji. Sheria zinazoongoza uchukuzi wa mizigo baharini na angani zina kifungu ambacho wauzaji wengi hawakijui mpaka siku ya msiba: msafirishaji hawajibiki kwa uharibifu uliotokana na ufungaji usiofaa uliofanywa na mwenye mzigo. Kimo katika Kanuni za The Hague za mwaka 1924 kwa upande wa meli, na kimo pia katika Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 kwa upande wa ndege. Bima za mizigo nazo, hata zile pana kabisa, kwa kawaida huondoa hasara iliyotokana na ufungaji hafifu. Kwa hiyo mtu anapokuambia ufunge unavyojua, na wewe ukafunga unavyojua, kisha kioo kikafika kimepasuka, swali la kwanza litakaloulizwa na kila upande ni nani aliyefunga. Jibu litakuwa ni wewe. Sisemi kwamba alikutegea. Nasema tu kwamba imani aliyokupa ina uzito, na umeupokea wote bila ya ninyi wawili kuupima.

Hapo ndipo ninapomwuliza dada yako mkubwa, kwa adabu zote, geti analolisema ni lipi. Kuna geti la nyumba, geti la bandari ya huku, geti la bandari ya kule na mlango wa mnunuzi, na hasara inaweza kuhama mkono katika lolote kati ya hayo kulingana na mlivyopatana. Wafanyabiashara wana kanuni ziitwazo Incoterms, zinazotolewa na Chemba ya Kimataifa ya Biashara, na toleo linalotumika sasa ni la mwaka 2020. Katika utaratibu mmoja, uitwao CPT, muuzaji hulipa nauli mpaka mwisho wa safari, lakini hatari huwa ya mnunuzi tangu mzigo unapokabidhiwa msafirishaji wa kwanza. Katika mwingine, uitwao DAP, hatari hubaki kwa muuzaji mpaka mzigo ufike mahali walipopatana, ukiwa tayari kushushwa. Ninyi si makampuni, na hakuna anayewalazimisha kutumia herufi hizo. Ninachotaka uone ni kwamba watu waliozoea kazi hii hawaliachi swali la geti likae bila jibu, na kwamba dada yako anaweza kuwa sahihi au kukosea kabisa, kutegemea neno ambalo bado halijasemwa.

Kwa hakika fedha zenu zimekwisha kusema jambo. Kwa kuwa alilipa nusu na kuzuia nusu mpaka kifike, mkiachia mambo yalivyo na kioo kikavunjika, yeye atakuwa amepoteza nusu yake, na wewe nusu yako pamoja na gharama za usafiri. Huo ni mgawanyo, na si mbaya kuliko mingi niliyoiona. Kasoro yake ni kwamba hakuna aliyeukubali. Yeye anaweza kuamini kwamba atarudishiwa kila alichotuma, na dada yako anaweza kuamini kwamba mna haki ya kudai nusu iliyobaki hata kama kilichofika ni vigae.

Sasa magodoro. Binamu yako ana nia njema na lori lisilodai nauli, na sipendi kumvunja moyo, ila hapa naomba asikilizwe fundi wa vioo badala yake. Kioo kikubwa kina nguvu kikisimama kwenye ubavu wake, kwa sababu uzito wote unashuka ndani ya bapa lenyewe. Ukikilaza, kinajikunja katikati kwa uzito wake, na juu ya kitu laini kama godoro kinajikunja zaidi, kisha kila shimo la barabara linakikunja tena. Mara nyingi ufa huanzia ukingoni, kwenye kijidosari ambacho huwezi kukiona. Televisheni ina mwili mgumu nyuma unaoishikilia, na vioo vingi vya meza hupikwa kwa moto ili viwe imara, kwa hiyo bahati yake ya zamani haitoshi kuwa ushahidi. Lori lake linaweza bado kufaa, mradi kioo kisimame kwenye ubavu wake mrefu, kiwe kimekwisha kuingia ndani ya kasha, na kasha lifungwe kwa mikanda ubavuni mwa lori.

Kuhusu kasha lenyewe nitakueleza kwa urefu kidogo, kwa sababu hata ukimpa mtu mwingine kazi hii utahitaji kujua unachokilipia. Juu ya uso wa kioo hutandazwa karatasi laini ya plastiki, na juu yake selotepu ya karatasi kwa mistari inayokatana. Selotepu hiyo haizuii kupasuka hata kidogo. Kazi yake ni kuvishika vipande visiikwaruze fremu wala kumkata mtu. Isiguse nakshi za fremu, kwa sababu gundi huondoka na rangi. Pembe nne huvikwa sponji nzito, kisha kioo na fremu yake huzungushiwa blanketi au plastiki ya vipovu, na ndani ya kasha hukaa juu ya vipande vya sponji ngumu kiasi kwamba hakuna sehemu inayogusa mbao, na pande zote hubaki nafasi ya sentimita tano hivi. Kifuniko hufungwa kwa skrubu. Msumari unataka nyundo, na kila pigo la nyundo linafika kwenye kioo ulichokihangaikia kutwa nzima. Ukimaliza, wewe na mwenzako linyanyueni kasha kidogo mlitikise: mkisikia kitu kinacheza ndani, fungueni mwanze upya.

Lebo za glasi na mishale ya kuelekea juu ziwekwe, ila usizitegemee sana, maana mpakiaji mwenye mizigo mia mbili hana muda wa kusoma. Namna ninayoipenda zaidi ni kulitengenezea kasha miguu mipana chini na vishikio ubavuni, ili kulisimamisha kuwe rahisi na kulilaza kuwe usumbufu. Vipo pia vibandiko vidogo vinavyobadilika rangi kasha likiinamishwa kupita kiasi au likigongwa kwa nguvu. Havikingi chochote, lakini siku ya mabishano vinatoa ushahidi. Na kwa kuwa mzigo unavuka mipaka, mbao za kasha zinapaswa kuwa zimetibiwa dhidi ya wadudu kulingana na kanuni ya kimataifa iitwayo ISPM 15, ambayo njia yake ya kawaida ni kuupasha ubao joto mpaka kiini chake kifikie nyuzi 56 za selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, kisha kupigwa muhuri. Plaiwudi haimo katika sharti hilo, kwa sababu hutengenezwa kwa gundi, joto na mgandamizo. Kasha la mbao zisizo na muhuri linaweza kuzuiwa bandarini, na kufunguliwa na watu wasiojua ulivyolifunga.

Yule msafirishaji wa ndege hakukuona mjinga, ndugu yangu, na wewe mwalimu wa hesabu utalithibitisha mwenyewe. Zidisha 215 kwa 135 kwa 25 upate sentimita za ujazo 725,625. Ugawe kwa 5,000, unapata 145. Ndege huishiwa nafasi kabla ya kuishiwa nguvu, ndiyo maana mzigo mwepesi unaochukua nafasi kubwa hutozwa kwa ujazo wake. Wengine hugawa kwa 6,000, na hapo ungetozwa kilo 121, kwa hiyo kuuliza kwa zaidi ya mmoja kuna faida. Kwa meli, kasha lako halifiki hata mita moja ya ujazo, na nauli itakuwa nafuu zaidi, lakini safari ni ya wiki nyingi, mzigo utashikwa na mikono mingi, na ndani ya kontena unyevu hupanda na kushuka hadi dari kutiririka maji. Vifuko vya kukausha unyevu havitakosa kazi humo, hasa kwa ajili ya kona yenye madoa.

Tuje kwenye maombi mawili ya mnunuzi. Mke wako ameona hila, wewe umeona uzoefu wa watu wengi, na mimi sina kipimo cha kuamua moyo wa mtu kwa ujumbe mmoja. Naona tu kwamba saini itakayokuwa chini ya thamani ya uongo ni yako, wala si yake, na maofisa wa forodha wakiamua kuuliza watamwuliza aliyesaini. Naona vilevile kwamba thluthi ile haiishii kwenye ushuru. Bima hulipa kwa thamani uliyoitangaza, na ukitangaza moja kwa forodha na nyingine kwa bima, karatasi zako mwenyewe zitashuhudia dhidi yako. Pasipo bima, hata msafirishaji akionekana ana kosa, fidia yake ina kikomo kinachofuata kilo badala ya uzuri wa kitu. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo cha Mkataba wa Montreal ni SDR 26 kwa kilo, SDR ikiwa kizio cha hesabu cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kwa meli, pale zinapotumika Kanuni za Hague-Visby, yaani zile za The Hague zilizofanyiwa marekebisho, ni SDR 2 kwa kilo au 666.67 kwa mzigo mzima, yoyote iliyo kubwa. Uziweke kando ya bei mliyopatana na uone zinafika wapi. Na kabla ya kulipia bima yoyote, soma kama inakubali kioo, kwa maana si wachache wanaopokea ada kwa furaha na kuandika kwa herufi ndogo kwamba kioo na marumaru havimo.

Lipo jambo ambalo hukulitaja, na sijui kama limewahi kukupitia. Lugha yetu inaviita kioo vyote viwili, bapa lenyewe na chombo kizima cha kujitazamia, na pengine ndiyo maana umekichukulia kama kitu kimoja kisichotenganika. Je, mnunuzi wako anataka fremu au anataka bapa? Kama alichokipenda ni nakshi, fremu peke yake inaweza kusafiri kwa hatari ndogo sana, na fundi wa huko akamkatia kioo kipya. Kama alichokipenda ni kile kioo cha zamani kinachowapunguza watu unene, basi kukitoa ndani ya fremu ni hatari nyingine, kwa kuwa kioo kilichokaa miaka mingi mahali pake kinaweza kupasuka siku ya kuondolewa, mkiwa bado sebuleni. Rangi ya kahawia uliyoiona nyuma inanifanya nidhani kwamba kilipakwa fedha, kwa njia iliyoanza na Justus von Liebig mwaka 1835, kwa sababu rangi ya namna hiyo kwa kawaida hukinga fedha hiyo. Vioo vya kale zaidi vilipakwa bati na zebaki, na hivyo havifai kuguswaguswa bila mtaalamu. Fundi akithibitisha umri wake utajua pia kama unahitaji kibali cha kukitoa nchini, kwani mataifa mengi huweka masharti kwa samani kongwe, na Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unataja samani zenye zaidi ya miaka 100.

Dada yako mdogo hakupewa nafasi kubwa katika barua yako, nami nisingependa apitwe. Kurudisha fedha si lazima kuwe leo wala kwa mkupuo mmoja. Mnunuzi aliyekubali kusubiri wiki za meli anaweza kukubali kusubiri mrejesho wa awamu, au anaweza asikubali na ukabaki na deni na kioo pamoja. Inawezekana pia amtume wakala wake wa usafirishaji aje kukikagua na kukifunga yeye, na hapo swali la nani aliyefunga linahama mikono, ingawa bei ya huduma hiyo inaweza kumfanya afikirie upya ununuzi wote. Au umlipe fundi wa makasha, mgawane gharama, na karatasi yake ya malipo iwe ushahidi wa ufungaji unaofaa. Kila njia kati ya hizi ina mtu wa kulipa zaidi, na katika nyingi sipo mahali pa kukuambia awe nani.

Unasema unaona haya kumwuliza. Naielewa haya hiyo. Mtu akikuamini, kumletea masharti kunafanana na kumrudishia zawadi. Lakini mtazame kutoka upande wake. Naye amelipa nusu kwa mtu asiyemjua, naye huenda hajui kwamba ufungaji wako unaweza kumnyima fidia, wala kwamba thluthi anayoiomba itamrudia yeye kama thluthi. Ukimwandikia kwamba hujawahi kufunga kioo cha ukubwa huu, na kwamba ungependa mpatane mapema nani atabeba nini kikipata ajali, sidhani atasikia shutuma. Atasikia mwalimu wa hesabu. Akikasirika, utakuwa umejua jambo wakati kioo bado kiko ukutani.

Lolote mtakalochagua, pigeni picha kila sehemu yake kabla hakijafungwa, kama makumbusho yanavyofanya kabla ya kuazimisha kitu: yale madoa ya kona ya kushoto, rangi inayobanduka, na lile jani ulilolikata, la sivyo uhalifu wako wa utotoni utaandikwa jina la wenye meli. Naye aombwe akague kasha kabla ya kusaini kulipokea, na akiona dosari aiandike palepale, kwa kuwa muda wa kulalamika ni mfupi: kwa ndege siku 14 tangu kupokea, na kwa meli siku tatu tu kama uharibifu haukuonekana kwa nje.

Alama za penseli zisiguswe kwanza. Zinafutika kwa dakika moja na haziandikiki tena, na hatujui kama kwake ni uchafu au ndiyo sehemu atakayoipenda kuliko zote. Zipige picha kwa karibu, herufi zisomeke, umtumie umwulize azitaka au hazitaki. Swali hilo halina aibu yoyote ndani yake, na ujumbe huohuo una nafasi ya kutosha kwa yale mengine.